Makofi Ambayo Hayakupigwa

Kila Jumatano, ilipofika saa kumi kasoro dakika tano za jioni, fundi saa alifunga kibanda chake, akavuka barabara na kwenda kufungua ukumbi wa chama. Hakuna aliyewahi kumwona akichelewa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alivaa saa mbili, moja kila mkono, eti ili zichungane. Wanachama walimtania kwamba siku atakayochelewa yeye, jua nalo litasahau kuzama.

Jina kamili la chama lilikuwa refu, limeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango, lakini watu wote walikiita Chama cha Jumatano. Wanachama wake hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa seremala, mwalimu mstaafu, mwosha magari, wauza mboga na watu wengine wa mtaani wenye moyo wa kusaidia. Walizibua mitaro mvua zilipokaribia. Waliezeka upya paa la zahanati. Walipeana zamu za kuwatembelea wagonjwa wasio na ndugu. Na kila Jumatano walimwalika mgeni mmoja aje awaeleze jambo la kuwafaa.

Aliyeandika habari za chama hicho alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa katibu. Kwa miaka tisa kazi hiyo ilifanywa na bibi yake mwenyewe, kwa mwandiko ulionyooka kama uzi. Kisha macho ya bibi yakaingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampa tarehe ya kupasuliwa, na hiyo tarehe ilikuwa bado miezi miwili. Basi mjukuu akashika kalamu, na wanachama wakambandika jina la Mhariri. Jina likamkaa. Hata shuleni wenzake walimwita hivyo, naye aliona fahari, ingawa alijifanya kununa.

Habari za Jumatano zilikuwa karatasi moja tu. Juu ziliandikwa habari za wanachama: nani amejifungua, nani amelazwa, nani anaoza binti. Chini yalifuata yale aliyoyasema mgeni. Desturi ilikuwa karatasi ibandikwe jioni ileile, kabla jua halijazama, mahali patatu: kwenye ukuta wa duka la pembeni, kwenye ubao wa kisimani, na ndani ya dirisha la zahanati. Watu wengi waliokuwa kazini wakati wa mkutano waliisoma hapo, na waliiamini kuliko walivyoamini maneno ya njiani. Waliohudhuria hawakuhangaika kuisoma, maana walikuwa wameshasikia wenyewe. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya bibi, na sahihi hiyo iliheshimiwa mtaa mzima.

Tatizo lilikuwa muda. Mgeni alianza kuzungumza saa kumi na nusu, na mara nyingi alimaliza saa kumi na moja na robo. Mwenye duka la fotokopi, mtu asiyependa kusubirishwa, alifunga saa kumi na moja na nusu. Mhariri alilazimika kuandika huku anakimbia, mara nyingine akiandikia magotini. Na sasa yalikuwa yameongezeka mazoezi ya netiboli. Mwalimu wa michezo alikuwa akichagua timu ya shule, na alisema wazi kwamba asiyefika uwanjani saa kumi na moja kamili asijisumbue kufika tena.

Hapo ndipo Mhariri alipogundua njia yake ya mkato. Wageni walikuwa na kawaida ya kutuma barua mapema, kueleza watakachokuja kuzungumza. Mhariri ndiye aliyemsomea bibi barua hizo, na aliona kwamba mgeni akija husema yaleyale ya kwenye barua, ila kwa maneno mengi zaidi. Sasa kwa nini asubiri? Jumanne jioni aliandika habari yote, kana kwamba mkutano umeshafanyika. Jumatano asubuhi bibi alitia sahihi, bila kusomewa, kwa kuwa macho hayaoni na mjukuu anaaminika. Mgeni alipoanza tu kusema, Mhariri alichomoka ukumbini kama aendaye kunywa maji, akapitia fotokopi, akabandika karatasi zake, akawahi uwanjani.

Alifanya hivyo wiki nne mfululizo. Askari wa zimamoto alisema yale ya kwenye barua yake. Mkunga vivyo hivyo. Mfuga nyuki naye, na mwalimu wa watoto wasiosikia. Hakuna aliyegundua lolote. Kwa kweli Mhariri alisifiwa kwa kubandika karatasi mapema. Mwishoni mwa kila habari aliongeza sentensi aliyoipenda: "Wanachama walifurahi na kupiga makofi." Na kila wiki ilikuwa kweli, maana Chama cha Jumatano kilimpigia makofi kila mtu.

Wiki ya tano, mgeni alikuwa mpima maji.

Huyu alikuwa akisubiriwa kwa hamu. Kisima cha bomba cha mtaani kilikuwa kimefungwa tangu mvua kubwa zilipoingiza maji ya mtaro ndani yake. Watu walikuwa wakifuata maji ya kunywa mbali, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Sasa mafundi walikuwa wamejenga upya ukuta wa kisima, wametia dawa na kufunga mpini mpya. Barua ya mpima maji ilisema: "Jumatano nitawaletea majibu ya vipimo, na natarajia kuwatangazia kwamba maji ni salama."

Mhariri alisoma neno "natarajia", akaliruka. Jumanne aliandika kwa herufi kubwa: "HABARI NJEMA! Mgeni wetu, mpima maji, ametutangazia kwamba maji ya kisima chetu sasa ni salama kwa kunywa. Wanachama walifurahi na kupiga makofi." Siku ya pili yake, mama mmoja mwembamba mwenye begi la vichupa aliposimama mbele ya ukumbi na kukohoa kidogo kabla ya kuanza, Mhariri alikuwa tayari amefika mlangoni.

Jioni, wakati wa chakula, bibi aliisukuma sahani yake kando. Alipapasa kikombe chake cha chai, akakisogeza bila kunywa.

"Yule mama leo ametuvunja moyo," alisema. "Miezi yote hii tumesubiri, kumbe wadudu bado wamo. Anasema maji ya kufulia sawa, lakini ya kunywa tusiguse mpaka watie dawa tena na kupima upya. Umeliandika vizuri hilo la kutokunywa, mama? Maana mpini haujatiwa kufuli, mtu yeyote anaweza kuteka."

Mhariri alirudisha tonge sahanini. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema, na karatasi zingebanduliwa jioni ileile. Lakini aliwaza juu ya sahihi ya bibi, juu ya mwenyekiti na saa zake mbili, juu ya jina lake. Aliwaza watu watakavyocheka na kuuliza huyo mhariri gani.

"Nimeandika, Bibi," alijibu.

"Ndiyo maana nakutegemea," bibi alisema, na sasa akanywa chai yake.

Mhariri hakupata usingizi mzuri. Kulipopambazuka alivaa sare za shule, akatoka mbio. Karatasi ya ukutani dukani aliibandua, akaikunja na kuitia mfukoni. Akaenda kisimani. Ile ya ubaoni aliibandua nayo, na alikuwa bado anavuta kipande cha mwisho kilichoshikwa na gundi aliposikia mlio wa mpini nyuma yake.

Alikuwa Mama Kifungo, mshonaji wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mwanawe mdogo, wa miaka minne, aliitwa Kifungo kwa sababu alikulia chini ya cherehani akichezea vifungo, na aliwahi kumeza kimoja cha kijani. Mama Kifungo alikuwa amejaza ndoo nyeupe yenye kifuniko.

"Shikamoo, Mama Kifungo."

"Marahaba, Mhariri wetu. Mapema hivi?"

"Nabandua karatasi. Ime... imechanika." Mhariri alitazama ndoo nyeupe. "Hayo maji ni ya kufulia?"

"Ya kufulia kwenye ndoo ya mfuniko, mwanangu?" Mama Kifungo alicheka. "Ya kunywa! Nimesoma jana pale dukani nikapiga kigelegele peke yangu. Wewe hujui umenipunguzia mwendo gani. Mgongo huu ungekuwa na mdomo ungekushukuru."

Mhariri alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale ulimini, machache tu, ya kusema kwa pumzi moja. Lakini Mama Kifungo alikuwa ameshajitwisha ndoo, anatabasamu, na maji yaliyokuwa bado yakichuruzika bombani yalikuwa meupe, hayana hata chembe ya uchafu. Maji mazuri kama yale yatamdhuru nani? Mhariri akafunga kinywa chake. Akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Karatasi ya tatu hakuweza kuifikia. Ilikuwa imebandikwa kwa ndani, nyuma ya kioo cha dirisha la zahanati, na mlango ulikuwa umefungwa. Aliisoma kutoka nje, kwa mwandiko wake mwenyewe: HABARI NJEMA! Kisha kengele ya shule ikalia, naye akaenda. Siku nzima alijiambia kwamba karatasi mbili kati ya tatu zimeondoka, kwa hiyo jambo limekwisha. Alijua si kweli. Karatasi aliziweka mfukoni, lakini waliokwisha kuzisoma angewaweka wapi?

Ijumaa alasiri bibi alimtuma kwa Mama Kifungo kuchukua gauni lake lililokuwa likipunguzwa. Mhariri alipokaribia alishangaa. Kwa kawaida cherehani ya Mama Kifungo ilisikika tangu njiani. Leo kulikuwa kimya, na nguo zilikuwa zimelundikana juu ya meza, nusu yake hazijakatwa.

Kifungo alikuwa amelala kwenye godoro dogo kando ya ukuta. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa imemkauka. Hakuinua hata kichwa kumwona nani ameingia, yeye ambaye siku zote humrukia mgeni na kumwonyesha vifungo vyake.

"Ameanza kuharisha tangu jana usiku," Mama Kifungo alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na kutapika. Asubuhi nilimpeleka zahanati. Muuguzi amenipa hizi pakiti za chumvi, nichanganye na maji, nimnyweshe kila mara ili asiishiwe maji mwilini. Namnywesha, lakini badala ya kupata nafuu ndiyo kwanza anazidi. Sielewi, mwanangu. Sielewi kabisa."

"Muuguzi... hakuuliza maji?"

"Aliuliza. Nikamwambia ya kisimani. Akatazama karatasi yenu pale dirishani, akasema basi maji hayana shida, tutafute sababu nyingine. Kwa hiyo nikawa na hakika."

Alisema hivyo huku akichana pakiti nyingine na kuimimina kwenye jagi. Kisha akafunua ile ndoo nyeupe, akachota maji kwa kikombe, akajaza jagi na kukoroga. Mama alikuwa akimtibu mwanawe kwa kitu kilekile kilichomfanya augue. Kila kikombe alichompa kwa mapenzi kilikuwa kinamdidimiza, na aliyemfundisha kufanya hivyo alikuwa Mhariri.

Mama Kifungo alikaa chini, akakiinua kichwa cha mtoto na kuliweka jagi pembeni ili ashike kikombe. Mhariri alisogea haraka, akajifanya amejikwaa kwenye kipande cha kitambaa. Jagi likapinduka. Maji yote yakamwagika sakafuni.

"Samahani, Mama Kifungo! Samahani, sikuona!"

Alitegemea atagombezwa. Alitamani agombezwe. Lakini Mama Kifungo alifuta maji kwa tambara, taratibu, kama mtu asiye na nguvu hata ya kukasirika.

"Si neno. Bahati nzuri pakiti moja imebaki, na maji yapo tele."

Akachukua jagi. Akafunua ndoo tena.

Hapo Mhariri aliona kwamba hawezi kumwaga ndoo zote za mtaa. Njia za mkato zilikuwa zimekwisha. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka kabla hajasema neno.

"Usimpe, Mama Kifungo! Usimpe hayo maji! Si salama. Mpima maji alisema yana wadudu, yasinywewe. Mimi sikuwepo. Niliandika kabla hajaja. Niliandika uongo!"

Mama Kifungo alibaki na kikombe mkononi. Alimtazama Mhariri, akaitazama ndoo, akamtazama tena.

"Jana asubuhi kisimani," alisema polepole. "Ulipoiona hii ndoo. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Mama Kifungo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikiweka kikombe chini, akamfunga Kifungo mgongoni kwa kitenge, akatoka bila hata kufunga mlango. Mhariri alimpita mbio, akatangulia zahanati, na muuguzi alipotoka kuuliza kuna nini alimweleza yote barazani, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri zamu. Muuguzi hakupoteza wakati kumsema. Alimpokea Kifungo, akamlaza kitandani na kumtundikia chupa ya maji ya kuingia mshipani. Kisha akaenda dirishani, akaibandua ile karatasi kwa kucha.

"Wangapi wameisoma hii?" aliuliza.

Mhariri hakujua.

Fundi saa aliitwa, akaja mbio, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwona akitazama saa yake. Bibi naye aliletwa, ameshikwa mkono na jirani. Mwenyekiti aliisoma karatasi kwa sauti ili katibu wake asikie. Alipofika sentensi ya mwisho alisita.

"'Wanachama walifurahi na kupiga makofi.' Makofi yapi? Siku ile ukumbi ulikuwa kimya kama msibani."

Bibi alinyoosha mkono akautafuta uso wa mjukuu wake, akaukuta umelowa machozi.

"Nilikuuliza mezani," alisema. "Ukanijibu umeandika."

"Niliogopa, Bibi."

"Haya. Habari ya kuogopa tutaizungumza baadaye. Sasa hivi kuna watu wanakunywa maji. Mwenyekiti, chukua kengele. Na wewe nipe mkono, mimi sioni njia. Tutakwenda nyumba kwa nyumba, na atakayesema ni wewe."

Walikwenda. Mwenyekiti alitangulia akigonga kengele ya ukumbini, bibi akifuata ameshika bega la mjukuu, na kila mlango uliofunguka Mhariri alisema maneno yaleyale: "Msinywe maji ya kisima. Niliandika kwamba ni salama, nikasema uongo. Ni ya kufulia tu. Mliyo nayo ya kunywa mwageni." Mlango wa kwanza alishikwa na kigugumizi. Mlangoni kwa mwosha magari aliulizwa, "Wewe si ndiye Mhariri?" naye akajibu kwamba ndiye, akatamani ardhi ipasuke immeze. Wapo waliomsema vikali. Mzee mmoja alifunga mlango usoni pake. Mama mwingine alimsikiliza, akageuka na kwenda kumwaga mitungi yake miwili. Katika nyumba tisa walikuwa wameshayanywa, na katika mbili kati ya hizo kulikuwa na watu wanaoumwa matumbo, ambao waliambiwa waende zahanati mara moja. Jua lilipozama walikuwa wamemaliza mtaa mzima, na Mhariri hakuwa na sauti tena.

Kifungo alilala zahanati siku tatu. Kila siku Mhariri alipeleka maji yaliyochemshwa na kupoa, akayaacha mlangoni, maana hakuthubutu kuingia. Siku ya tatu alisikia kitu kikidondoka ndani na kuviringika sakafuni, kisha kicheko. Kilikuwa ni kifungo. Mhariri aliegemea ukuta wa zahanati, akalia, na safari hii hakujali nani anamwona.

Jumatano iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Mwenyekiti alitazama saa ya kulia, akatazama ya kushoto, akasema, "Leo hatukualika mtu kutoka nje. Mgeni wetu anatoka humu humu." Akamwonyesha Mhariri mahali pa kusimama, palepale walipokuwa wamesimama askari wa zimamoto, mkunga na mpima maji.

Mhariri alipiga moyo konde. Alieleza yote, tangu barua ya kwanza aliyoigeuza habari mpaka jagi alilolipindua makusudi. Hakusingizia netiboli wala mwenye fotokopi. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Akasubiri kuambiwa kwamba kalamu imechukuliwa.

Bibi ndiye aliyesimama.

"Na mimi nina langu la kukiri," alisema. "Nilitia sahihi kitu nisichosomewa. Mjukuu wangu ameandika asichokisikia, na mimi nimeshuhudia nisichokijua. Tulifanana. Kuanzia leo, karatasi itaandikwa mgeni akishamaliza, itasomwa kwa sauti humu ndani, na nyote mkikubali ndipo nitakapotia sahihi. Ikichelewa, ichelewe. Mwenye fotokopi akifunga, tutaandika kwa mkono."

"Na ataiandika nani?" aliuliza seremala.

Watu walinong'ona. Nyuma ya ukumbi, Mama Kifungo alikuwa ameketi na mwanawe mapajani. Watu waligeuka kumtazama, kana kwamba jibu lilikuwa lake.

"Ataandika yeye," Mama Kifungo alisema. "Mwingine hajui bado uzito wa kazi hiyo."

Wiki mbili baadaye mpima maji alirudi na begi lake la vichupa. Mhariri aliketi mstari wa mbele, akasikiliza mpaka neno la mwisho. Dawa ilikuwa imetiwa upya, vipimo vimerudiwa mara mbili, na wadudu hawakuonekana. Aliuliza maswali matatu. Aliisoma habari yake kwa sauti, mpima maji akasahihisha mahali pamoja, wanachama wakakubali, bibi akatia sahihi. Fotokopi ilikuwa imeshafungwa, na uwanjani mazoezi yalikuwa yamekwisha. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya timu; lilikuwa limefutwa siku alipokosa mazoezi kwa mara ya kwanza. Jambo hilo lilimuuma, lakini alikaa ukumbini akanakili karatasi mbili zaidi kwa mkono.

Alipofika kisimani na gundi yake, akiwa na bibi, Mama Kifungo alikuwa amesimama kando ya ubao. Ndoo nyeupe ilikuwa miguuni pake, tupu, na Kifungo amekaa juu ya mfuniko. Mhariri alibandika karatasi. Mama Kifungo hakuisoma.

"Ulikuwemo ukumbini?" aliuliza.

"Nilikuwemo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho, Mama Kifungo."

"Umeyasikia kwa masikio yako mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu."

Mama Kifungo alimsogelea.

"Nikwambie kitu, mwanangu," alisema. "Mimi saa kumi niko kwenye cherehani. Siwezi kuja ukumbini. Wengi wetu hatuwezi. Anachosema mgeni kinatufikia kupitia kwako tu, hatuna masikio mengine. Ukitudanganya, hata kama ni kwa uvivu tu na si kwa ubaya, tunakunywa uongo wako, sisi na watoto wetu. Na ukikosea, kimbia useme siku hiyohiyo. Kosa lililosemwa jioni ile ile lingekuwa aibu yako. Uliliacha likalala, likaja kuwa ugonjwa wa mwanangu."

"Nimesikia," Mhariri alisema. "Nisamehe, Mama Kifungo."

Bibi alikuwa amesimama kando, ameegemea fimbo yake. Mama Kifungo alimnyanyua mwanawe kutoka juu ya mfuniko, akaiweka ndoo chini ya bomba.

"Haya, shika mpini," alimwambia Mhariri. "Nisaidie kupampu."

Maji yakatoka kwa nguvu, yakaipiga ndoo. Kifungo alikinga viganja vyake viwili, akamtazama mama yake kwanza. Mama yake akaitikia kwa kichwa, naye akanywa.